Jinsi ya kujua kama mafunzo ya ustahimilivu yanapunguza msongo: mwongozo kutoka mialo ya Mwanza

Mara ya kwanza nilipopewa kazi ya kupima mafunzo ya namna hii, nilidanganywa na mwezi. Kilikuwa kikundi cha akina mama wa dagaa, kwenye mwalo mmoja, yaani ufuko wa kutia nanga mitumbwi ya uvuvi, upande wa Ilemela hapa Mwanza. Niliwahoji kabla ya mafunzo, nikawahoji tena wiki mbili baadaye, na alama za msongo zilikuwa zimeshuka vizuri mno. Nikaandika ripoti ya kupendeza. Niliporudi kuwasomea, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akigeuza dagaa kwenye chanja akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, siku ile ulikuja mbalamwezi. Ungerudi gizani bila hayo mafunzo yako, ungetukuta hivihivi."

Kwa asiyeishi ziwani: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa inawavuta, wavu unawazoa. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa inakosa nguvu, na mitumbwi mingi inabaki nchi kavu. Siku hizo dagaa ni wachache na fedha ni chache, ila rejesho la mkopo linadaiwa kila wiki kama kawaida. Mimi nilipima dhiki ya mbalamwezi, nikapima ahueni ya giza, nikaiandika kwa jina la mafunzo.

Tangu siku hiyo nafanya kazi hii kwa mpangilio ninaoueleza hapa. Unamfaa ofisa wa shirika dogo, ofisa maendeleo ya jamii wa kata, au hata katibu wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, ambaye wafadhili wamemletea mafunzo na yeye anataka kujua kama yana maana. Huhitaji programu za takwimu. Unahitaji daftari, subira, na moyo wa kukubali jibu usilolipenda.

Hatua ya 1: Mbane mkufunzi aseme mafunzo yanabadilisha nini

"Kujenga ustahimilivu" bado si jibu. Muulize: mama huyu akimaliza vikao vyako, Jumatatu asubuhi pale soko la dagaa la Mwaloni Kirumba atafanya nini ambacho hakukifanya zamani? Atapumua taratibu kabla ya kumjibu mdai? Atagawa tatizo kubwa vipande vidogo? Atamtafuta shoga yake badala ya kujifungia ndani? Programu ya Shirika la Afya Duniani ya kusaidia watu wenye dhiki, iitwayo PM+, kwa mfano, ina vikao 5, na kila kikao kina stadi yake inayotajika: kutuliza mwili, kukabili matatizo, kurudia shughuli ulizoziacha, kuimarisha watu wa kukushika mkono, na kubaki salama baadaye. Stadi za aina hiyo zinapimika. Mkufunzi asiyeweza kutaja hata moja, msamehe, lakini usipoteze fedha kumpima.

Usitarajie muujiza pia. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio la PM+ jijini Nairobi, kwa wanawake 421 waliowahi kufanyiwa ukatili wa kijinsia. Dhiki ya waliopata vikao ilipungua kuliko ya wenzao, ila tofauti ilikuwa ya wastani tu. Upande wa pili, mwaka 2024 William Fleming wa Oxford alichapisha uchambuzi wa wafanyakazi 46,336 wa taasisi 233 nchini Uingereza. Waliokuwa wameshiriki programu za mtu mmojammoja, mafunzo ya ustahimilivu yakiwemo, hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Uchambuzi ule uliwatazama watu mara moja tu, kwa hiyo hauwezi kufunga mjadala. Unatosha kumnyima mtu usingizi wa raha anaposema "mafunzo haya yanafanya kazi, kila mtu anajua".

Hatua ya 2: Pima maisha, usipime alichokariri

Hapa Mwanza tuna somo letu wenyewe. Mradi wa Mema kwa Vijana ulianza mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20 za mkoa huu, 10 zikipata elimu ya afya ya uzazi na 10 zikisubiri. Vijana walielewa zaidi na mitazamo yao ikabadilika. Lakini vipimo vya damu vilipotazamwa, maambukizi ya VVU hayakuonyesha kupungua. Mtu anaweza kujibu maswali yote kwa usahihi na maisha yake yasisogee hata hatua moja.

Kwa hiyo fomu ile ya mwisho wa semina, "mafunzo yalikuwa mazuri / mazuri sana", itumie kufungia maandazi. Chukua kipimo kinachouliza mtu anaishije. Kinachotumika sana duniani ni PSS-10, kilichotokana na kazi ya Sheldon Cohen na wenzake ya mwaka 1983. Kina maswali 10 kuhusu mwezi mmoja uliopita, kila swali lina majibu kuanzia 0 hadi 4, na jumla inakwenda 0 hadi 40. Kadiri alama zinavyopanda ndivyo msongo unavyokuwa mkubwa. Kuna pia WHO-5, maswali 5 kuhusu hali njema ya wiki mbili zilizopita. Ni kifupi na kizuri, ila kwa watu wa dagaa wiki mbili ni nusu ya mwezi: unaweza kuangukia upande wa giza mtupu au wa mbalamwezi mtupu. PSS-10 angalau inazungumzia mzunguko mzima, ingawa binadamu hukumbuka zaidi juzi na jana.

Ongeza mambo mawili au matatu ya kuhesabika unayoyajua wewe wa mwaloni. Mimi huuliza: wiki hii ulikosa kwenda kazini siku ngapi? Usiku wa jana ulilala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Mwezi huu umechukua mkopo mpya wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili kulipa mkopo mwingine? Hilo la mwisho linanieleza mengi kuliko maswali yote kumi.

Hatua ya 3: Tengeneza maswali yawe ya Kiswahili kweli

Neno "msongo" watu wanalisikia redioni. Majumbani wanasema "nina mawazo", "kichwa kimejaa", "nawaza sana", na vijana wanasema "stresi". Kule Zimbabwe, waanzilishi wa benchi la urafiki (Friendship Bench), huduma ya ushauri kwa wenye mawazo, walijenga kazi yao juu ya neno la Kishona, kufungisisa, ambalo maana yake haiko mbali na kuwaza kupita kiasi. Walianzia kwenye mdomo wa watu, na ndipo pa kuanzia.

Swali la 8 la PSS-10 lina nahau ya Kiingereza. Ukiigeuza neno kwa neno unapata "ulijisikia uko juu ya mambo". Nilipolisoma hivyo kwa mara ya kwanza, mama mmoja aliniuliza nani amenipelekea umbeya kwamba anajidai. Sasa nauliza: "Ni mara ngapi uliona mambo yako umeyamudu?" Mpe mtu mmoja atafsiri, mwingine ambaye hajaona asili ayarudishe kwenye Kiingereza, kisha linganisha. Halafu wasomee akina mama watano, na baada ya kila swali uliza, "Hapo umeelewaje?" Utashangaa.

Kwa majibu, usiwabebeshe watu maneno matano yanayofanana. Nachora ndoo tano za dagaa: tupu, robo, nusu, robo tatu, na pomoni. Mtu anagusa ndoo. Hata asiyejua kusoma anajibu mwenyewe bila kunong'onezwa na jirani.

Kuna mtego mmoja wa hesabu. Maswali ya 4, 5, 7 na 8 yanauliza mambo mema, kwa hiyo alama zake zinageuzwa: 4 inakuwa 0, 3 inakuwa 1, 2 inabaki ilivyo. Mtu aliyechoka akagusa ndoo pomoni kwenye kila swali, jumla yake sahihi ni 24. Ukisahau kugeuza utaandika 40, na utaogopa bure.

Hatua ya 4: Tafuta wa kulinganisha nao

Ukikosa muda wa kufuata mwongozo wote, fuata hatua hii.

Kuna sababu nyingi za alama kushuka bila mafunzo yoyote. Mwezi ndio huo. Mvua zikikatika dagaa wanakauka vizuri, hawaozi mchangani, na mioyo inatulia. Januari yenye sare na michango ya shule inapita. Na kuna jambo ambalo Francis Galton alilieleza mwaka 1886 alipokuwa akipima urefu wa wazazi na watoto: vilivyo kwenye ncha hurudi kuelekea katikati. Ukichagua akina mama waliozidiwa kabisa leo, wengi wao watakuwa nafuu kidogo mwezi ujao, kwa sababu tu uliwakamata katika siku yao mbaya kuliko zote.

Dawa ni kundi la pili linaloishi chini ya mwezi uleule na mvua ileile, ila halijapata mafunzo bado. Usilichague kwa macho. Usiseme pia "wanaotaka waje, wasiotaka tutawalinganisha nao", kwa sababu anayejitokeza mwenyewe ana nafasi, ana nguvu, pengine ana mume anayembakia na watoto. Chuo Kikuu cha Illinois kule Marekani kilifanya jaribio la programu ya afya kazini kwa wafanyakazi karibu 5,000. Waliojiunga walionekana kuwa na afya bora na matumizi madogo ya matibabu. Kumbe walikuwa hivyo kabla hata programu haijaanza.

Piga kura. Ila usipige kura ya mtu mmojammoja, maana wanaoanika mchanga mmoja watafundishana kabla chai haijapoa. Kura iwe ya vikundi. Na hapa tena Mwanza ina historia. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti wa NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), shirika la afya la AMREF na chuo cha tiba za tropiki cha London walilinganisha jamii 12 za mkoa huu kwa jozi 6. Kila jozi ilikuwa ya jamii zinazofanana, za ufukweni zikiwekwa pamoja na za ufukweni. Moja ikapata huduma iliyoboreshwa ya magonjwa ya zinaa, nyingine ikangoja. Maambukizi mapya ya VVU yalipungua kwa takriban asilimia 40, na dunia ya tiba ikageuza shingo kuitazama Mwanza.

Iga hivyohivyo. Tafuta vikundi 12 vya vikoba au vya mialo. Vipange jozi: vya mwalo wa Igombe pamoja, vya mwalo wa Kayenze pamoja, vikubwa kwa vikubwa, vya dagaa kwa vya dagaa na vya sangara kwa vya sangara. Mbele ya viongozi wa vikundi vyote viwili na ofisa wa kata, rusha sarafu. Upande wa kichwa kinaanza, upande wa pili kinasubiri hadi kipimo cha mwisho, kisha kinapata mafunzo yaleyale kama matokeo yanaruhusu. Sema hilo hadharani na liandike. Watu wa mialo wamezoea kungoja zamu ya kupokea kwenye kikoba, hii hawaioni kama uonevu.

Ukiwa na fedha ya ziada, anayengoja mpe kitu kingine cha kukutanisha watu, mfano vikao 5 vya kutunza daftari la biashara. Inawezekana kinachotuliza akina mama ni kukaa pamoja saa mbili bila mtu kuwadai, na wala si zoezi la kupumua. Bila kundi la daftari hutajua. Nikiri kwamba mimi mwenyewe nimeweza kufanya hivi mara moja tu.

Hatua ya 5: Kalenda ya mwandamo

Pima vikundi vyote viwili vya jozi siku zilezile, au angalau wiki ileile. Pima kabla, pima mwezi mmoja baada ya kikao cha mwisho, na pima tena baada ya miezi mitatu hadi sita. Kipimo cha siku ya kufunga semina ni sherehe tu.

Tumia mwezi wa mwandamo badala ya kalenda ya ukutani. Mzunguko mmoja ni siku 29 na nusu, kwa hiyo miezi mitatu ya mwandamo ni siku 88 au 89. Ukihesabu wiki 12 umepata siku 84, na tayari umeteleza usiku nne au tano. Mimi napendelea kupima mara zote kwenye mbalamwezi. Kwanza, akina mama wana nafasi ya kuongea. Pili, ndipo mifuko inapobana, na mafunzo yanayoonekana tu wakati ndoo zimejaa hayajamsaidia mtu.

Hatua ya 6: Anayehoji asiwe anayefundisha

Mtu aliyekunywa soda yako na kupokea posho yako hatakuambia usoni kwamba umempotezea siku tano. Adabu yetu haituruhusu. Tafuta mhojaji asiyejulikana kuwa wa mradi, na asijue kikundi kipi kimeshafundishwa. Awe anaamkia anapostahili kuamkia: binti mdogo anayeanza na maswali bila shikamoo atapata majibu ya mkato tangu la kwanza hadi la kumi. Nauli na fidia ya muda ziwe sawa kwa pande zote mbili, na zitolewe baada ya mahojiano bila kujali mtu amejibu nini.

Majina yasikae kwenye fomu, tumia namba. Taarifa za afya ya akili ni nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukikusudia kuchapisha kama utafiti, kibali cha maadili unakitafuta kabla ya swali la kwanza.

Hatua ya 7: Jua utampeleka wapi aliyezidiwa

Ukiuliza watu kuhusu mawazo, wapo watakaokujibu kweli. Kabla hujaanza, zungumza na kituo cha afya cha kata, na ujue utaratibu wa rufaa hadi hospitali za Sekou Toure au Bugando, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Akikuambia anafikiria kujidhuru, weka kalamu chini. Usimwache peke yake. Mfikishe kwa mhudumu siku hiyohiyo, awe wa kundi la mafunzo au la kungoja.

Na chunguza mafunzo yenyewe yasije yakaumiza. Kwa muda mrefu iliaminika kuwa kikao kimoja cha kumtaka manusura asimulie tukio baya alilopitia kinamkinga na msongo. Majaribio yalipokusanywa, kikao hicho hakikuonekana kuwakinga, na baadhi ya watu waliishia vibaya zaidi. Shirika la Afya Duniani halikishauri. Ziwa letu lina familia zilizopoteza watu kwenye ajali za meli ya MV Bukoba mwaka 1996 na kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018. Mkufunzi akija na mpango wa "kila mtu asimame aeleze siku ile", mzuie.

Hatua ya 8: Hesabu ya sarafu

Kwa kila kikundi tafuta wastani wa alama kabla na baada. Tuseme kikundi kilichofundishwa kimetoka 24 hadi 19: kimeshuka 5. Mwenzake wa jozi, asiyefundishwa, katoka 23 hadi 20: kashuka 3. Mafunzo yanaweza kudai 2 tu. Zile 3 ni za mwezi, za mvua, na za Galton. Waliotoroka katikati usiwafute: watafute uwahoji na uwahesabu kwenye kikundi chao cha awali, kwa sababu mara nyingi wanaotoroka ndio walioona mafunzo hayana faida, au waliozidiwa na madeni.

Kisha panga jozi zako 6. Kama mafunzo hayafanyi chochote, kila jozi ni sarafu iliyorushwa: inaweza kuangukia upande wowote. Jozi zote 6 kuangukia upande wa mafunzo kwa bahati tu ni nafasi 1 katika 64. Hapo unaweza kusimama na kusema kuna kitu. Jozi 5 au zaidi kwa bahati ni 7 katika 64, yaani karibu 1 katika 9. Hiyo ni dalili nzuri, lakini nisingeomba nayo mamilioni. Jozi 4? Rudi kwa mkufunzi mkazungumze. Na usiseme una "sampuli ya watu 240" kwa sababu kila kikundi kina watu 20. Kura uliipigia vikundi, kwa hiyo ushahidi wako ni wa vikundi.

Hatua ya 9: Kaa nao uwaulize

Namba zikishaeleweka, chagua akina mama wachache: waliopata nafuu kubwa, wasiobadilika, na waliorudi nyuma. Usiulize "mafunzo yamekusaidia?" Uliza, "Mara ya mwisho kichwa kilipojaa ilikuwa lini? Ulifanya nini?" Kama stadi za mafunzo hazitajwi popote kwenye masimulizi hayo, nafuu ilitoka kwingine.

Hapo ndipo utasikia pia yale ambayo hakuna kikao kinachoyagusa. Mama mmoja aliniambia amejifunza kupumua, anapumua kila Ijumaa, na Ijumaa ndiyo siku ya rejesho. Liandike hilo kwenye ripoti kwa herufi zilezile ulizoandikia alama. Ikiwa chanzo cha mawazo ya mwalo mzima ni mkopo wa riba ya kukausha damu, au dagaa wanaooza masika kwa kukosa vichanja vya kutosha, mfadhili ana haki ya kujua kwamba huenda mbao na turubai zingeshusha alama kuliko mkufunzi.

Hatua ya 10: Rudisha majibu mwaloni

Yarudishe kabla hujayapeleka ofisini. Chukua zile picha za ndoo, onyesha ndoo ya kabla na ndoo ya sasa kwa vikundi vilivyofundishwa na vilivyongoja, bila kumtaja mtu. Waache wabishane. Wao ndio watakaokuambia kwamba wiki ile mtumbwi wa fulani ulizama, au kwamba kiwanda kilishusha bei ya sangara, na utalazimika kurekebisha aya mbili za ripoti yako.

Kisha panga tarehe ya mafunzo na vikundi vilivyokuwa vikingoja, kama matokeo yanaruhusu. Waachie wachague siku wenyewe. Watachagua mbalamwezi.